Harusi ya Maram Inangoja Bunge la Ufaransa

Al Qabil, Sharqiya
Oman
Tarehe 18 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu Muhanna,

Assalamu alaikum. U hali gani? Mkeo Hala hajambo? Watoto je? Mgongo wako ulikuwa unakusumbua mara ya mwisho tuliposema, sijui umeupeleka kwa daktari au bado unaupaka mafuta tu. Huko baridi ishaanza, najua. Vaa nguo nzito, usijitie ujana.

Sie huku wazima, alhamdulillahi. Joto limevunjika. Magoti yangu yamechakaa lakini mitende bado napanda. Ile mirefu namwachia Mbangali tunayefanya naye kazi, yeye mwepesi. Tende mwaka huu hazikuwa mbaya. Chumba cha marehemu mke wangu Fakhriya nimekipaka rangi. Nilikuwa nimekifunga tangu afariki, mwanao Maram akasema sasa basi, kifunguliwe. Tumekifungua.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia, nyuma yako vyuma vinagongana, unanambia kaka ntakupigia. Hupigi. Nikikutumia sauti unanirudishia kidole gumba. Mie si mtu wa kuandika, unajua, darasa nililiacha Bujumbura mapema nikakaa dukani na baba, weye ukenda skuli ya Kifaransa. Sikulaumu, skuli ilikufaa. Lakini barua haikatiki katikati kama simu. Utaisoma mpaka chini.

Sasa nianze na rais wenu.

Alipotangazwa mwezi wa tano ulinipigia mwenyewe, sauti imekukauka kwa kupiga kelele. Ukanambia huyu ndiye, huyu atabadilisha mambo. Ukasema sheria yake ya kwanza ni ya watu waliofanya kazi nzito tangu ujana wao, watastaafu mapema. Na weye umo, miaka yote hiyo kwenye reli. Ikishapita tu unafunga mizigo, unarudi moja kwa moja, unamuoza mwanao kwa mkono wako. Tungoje kidogo.

Kabla ya hapo tulikuwa tunangoja uchaguzi. Kabla ya uchaguzi tulikuwa tunangoja nini, hata sikumbuki. Kulikuwa na kitu.

Chaneli za Kiarabu wanaita islahi. Weye unaita mageuzi. Mie naita ngoja.

Huyo rais hapa kila mtu anamjua. Mwenye duka la mikate akiniona ananiuliza, imepita? Msikitini tukishatoa salamu mtu ananiinamia, imepita? Hawajui hata hilo bunge liko mji gani. Wanachojua ni kwamba harusi ya binti Muhanna imekwama huko. Watu wa mitende wanakaa wanafuatilia kura za Wafaransa kama wanafuatilia mvua.

Maram ndiye anayetusomea kwenye simu yake. Anasoma Kiingereza, anatufasiria kwa Kiswahili na Kiarabu vyote pamoja. Yeye ndiye aliyenieleza. Anasema rais wenu kashinda kweli, lakini wengi waliompa kura walikuwa wanamkataa mwenzake, si kwamba wanamtaka yeye. Tena bungeni watu wake hawatoshi. Akitaka kupitisha kitu inabidi aende kwa hawa awabembeleze, akitoka hapo wale wengine wamenuna. Sheria imepelekwa, imerudishwa, imekatwa mkono, imekatwa mguu, imepelekwa tena. Nikamuuliza Maram, sasa itapita? Akasema labda mwakani, labda kipande. Akasema bila ya kuniangalia.

Mie sijui siasa. Lakini rais mwenyewe sina tatizo naye. Pengine ni mtu mzuri. Pengine kweli anataka. Tatizo langu mie ni weye.

Maana wiki iliyopita umetutumia picha. Umesimama njiani, umevaa lile koti la kazi lenye kung'ara, umeshika bendera, nyuma yako watu chungu nzima. Nikafurahi, nikasema Muhanna kenda kumuunga mkono rais wake. Maram akasema hapana ami, hii ni migomo. Baba anapinga.

Nikasema anapinga nini?

Akasema anapinga ile sheria.

Nikasema sheria gani?

Akasema ileile.

Ilibidi anieleze mara ya pili. Kumbe sheria ni moja. Upande mmoja inawapa watu wa kazi nzito kustaafu mapema. Upande wa pili inawaondolea nyie watu wa reli mambo yenu maalumu mliyokuwa nayo tangu zamani. Upande wa kwanza unaungoja. Upande wa pili umeuwekea mgomo. Sasa Muhanna, itapitaje nusu? Jumapili umempigia kura, Alkhamis umemsimamishia treni. Unakaa mlangoni kumngojea mtu na mguu wako ndio umeuzuia mlango.

Usinambie kwamba mie sielewi. Hapa kwetu tumeyaona. Tulichagua wakili mpya wa falaji, msimamizi wa mfereji wetu wa maji, Nasr, yule kijana wa mtaa wa juu aliyekuwa akifanya kazi Nizwa. Mfereji maji yalikuwa yamepungua mpaka mashamba ya chini yanakauka, kwa sababu watu wamechimba visima huku juu wameweka pampu. Nasr akasema pampu zifungwe. Watu wote wakainua mikono. Wote, na wenye pampu wakainua. Mie maji si yangu, mie mfanyakazi tu, lakini nilikuwapo, nimeona mikono. Akenda kwenye pampu ya kwanza, ya mjomba wake. Mjomba akasema sawa kabisa, funga, anza na ya jirani. Akenda kwa jirani. Jirani akasema naam, ila yangu ndogo. Mpaka leo pampu zinalia, na Nasr akipita watu wanamwambia vipi wakili, mbona hujafanya kitu. Maskini, keshaota mvi.

Basi rais wenu ndiye Nasr, na weye ndiye mjomba mwenye pampu. Ndivyo ninavyoona. Kama nimekosea nieleze, lakini nieleze kwa maandishi.

Haya, yangelikuwa hayo tu ningelicheka. Sasa nikwambie lililotokea, maana hukuambiwa.

Dada yetu Ghanima alikuja kutoka Nizwa, akenda Ibra kumuona mama yake Muadh, kumtuliza. Mkwe wako mtarajiwa huyo, Muadh, kijana hana neno, lakini mama yake keshachoka na tarehe zinazohama. Ghanima unakijua Kiarabu chake, mpaka leo nusu yake Bujumbura. Wakamuuliza mbona baba wa binti haji. Akawajibu, kaka anangoja sheria.

Akalisema hivyo hivyo, sheria. Kwetu sie sheria ni sheria, ya barabara, ya bunge, ya kitu chochote. Kwao wao neno hilo ni la dini. Wanawake wakaacha kuuliza. Ghanima akadhani wameridhika. Akala halua yake, akanywa kahawa, akarudi Nizwa.

Wao wamesikia kwamba kuna jambo la kidini linaizuia ndoa. Jambo gani? Wakakaa kufikiri. Wakakumbuka Maram uliniletea hajaota meno, mama yake kaachika karudi kwao Sur. Mtoto mchanga hana mama, lazima kuna mwanamke kamnyonyesha. Nani? Hapo tena kila mtu na lake. Haikufika wiki, khabari ikawa Maram na Muadh wamenyonya ziwa moja, ni ndugu, na sie tunajua na tunaficha, na Muhanna ndiyo maana haji, anaogopa dhambi.

Mie sina khabari. Niko juu ya mtende nasafisha makuti. Akaja Muntasir, baba yake Muadh, kutoka Ibra, kavaa kanzu safi, kashika bakora, akasimama chini kwenye matope.

"Mahrous, shuka. Nataka kukuuliza habari ya maziwa."

Nikamwambia mbuzi nimeuza, nimebaki na kuku tu.

"Si ya mbuzi."

Nikashuka. Alikuwa hanitizami usoni, anatizama maji. Akaniuliza taratibu nani alimnyonyesha Maram. Wallahi sikuelewa, nikadhani anauliza kwa wema. Nikamwambia chupa. Fakhriya alikuwa hana maziwa, Mungu hakutupa mtoto, tulimlea kwa chupa na maziwa ya kopo, ukitaka kaulize duka la dawa la Ibra, mie ndiye niliyekuwa nakwenda kununua. Ndipo akanieleza yanayosemwa.

Nikakaa chini hapo hapo. Nikamfafanulia. Nikamwambia hapana jambo la dini, inayongojwa ni sheria ya bunge la Ufaransa, ya kustaafu watu.

Unamjua Muntasir, mtu wa maskhara siku zote. Safari hii hakucheka.

"Yaani mwanangu haoi mpaka watu wa treni wa Ufaransa wastaafu?"

"Ndiyo."

"Na baba wa binti anataka hiyo sheria ipite?"

"Anataka."

"Basi mbona Muadh kanionesha picha yake kashika bendera anaipinga?"

Nikainama nikaanza kuokota makuti. Nimefanya kazi jua lote hili sikuona haya, nimeona haya mbele ya Muntasir kwa ajili ya bendera yako.

Alipotaka kuondoka akasema yeye ananiamini, na uvumi wa maziwa atauua mwenyewe, na kweli kauua. Lakini mkewe keshaanza kutaja msichana wa Bidiyah. Muadh hataki kusikia, ila mama ni mama. Akanambia mpaka mwisho wa mwezi ujao anaweza kumzuia. Baada ya hapo hawezi. Hakunitisha, kaniomba.

Ndiyo hali ilivyo. Sasa soma vizuri.

Watu wameniambia nende kwa kadhi. Walii, yaani baba mwenye kuoza, akimzuia binti bila ya sababu, kadhi anaweza kumuoza. Ni kweli, na kustaafu si sababu, na mgomo si sababu. Nikamwambia Maram, mwanangu, twende Ibra, mie nakwenda na weye. Akakataa. Akasema hawezi kusimama mbele ya kadhi akasema baba yangu kanizuilia. Nikasema si ndivyo alivyofanya? Akasema ndivyo, lakini hasemi. Akaingia jikoni. Sikumfuata.

Kwa hivyo kadhi hapana. Imebaki weye.

Imebaki njia mbili tu. Moja, uje. Si kuhamia, kuja tu. Ya pili, nenda ubalozini Paris uandike uwakala, unipe mie nimuoze kwa niaba yako. Watu wanafanya kila siku. Nilikwambia hili kabla ya Ramadhani ukanijibu hutaki wakala, unataka mwenyewe ushike mkono wa Muadh. Nikasema vizuri, njoo basi. Ukasema hutaki kuja kama mgeni. Unataka urudi kwako na mizigo yako yote, ukae, halafu uoze mwana kama mwenye nyumba.

Najua lilikotoka neno hilo. Ulipokuja kwenye mazishi ya mama ulikaa siku chache, watoto wa mtaani wakawa wanakuita mgeni. Ghanima akakutolea vile vikombe vya wageni. Niliona ulivyovitizama. Lakini Muhanna, ni vikombe. Kama ndivyo vinavyokuzuia nivunje leo.

Unadhani ukiwa umestaafu ndipo utakuwa baba. Wacha maneno hayo. Maram keshakuwa mtu mzima, anafundisha skuli, anaendesha gari mwenyewe. Hakuulizi mizigo mingapi. Hajapata kukuuliza kitu, na hilo ndilo linaloniudhi mie, bora angekupigia kelele. Anaona khabari za bunge lenu, anazima simu, anapika. Juzi kura imeahirishwa tena, akasema tu, wameahirisha ami, akanikatia limau kwenye samaki.

Tena nikwambie na hili, usije ukadhani mie namfukuza. Akiolewa nyumba hii itabaki yangu na kuku. Mie ndiye wa kwanza ambaye ingelinifaa sheria isipite milele. Asubuhi akishawasha gari kwenda skuli nyumba inakuwa kimya mpaka nasikia maji kwenye mfereji. Hiyo ni saa chache tu. Lakini siwezi kumweka mwana wa watu kwa sababu ya kimya changu, na weye huwezi kumweka kwa sababu ya kura za watu wasiomjua.

Kuhusu rais, usinijibu. Sitaki tena kusikia habari ya vyama vya wafanyakazi wala nani kaungana na nani. Mungu amjaalie afanikiwe. Kama anataka kubadilisha nchi nzima, na watu wake ndio nyie, kazi anayo. Weye sikutaki ubadilishe nchi. Nakutaka upande basi mpaka ubalozini.

Siku nshaiweka. Nimekaa na Muntasir na Muadh, tumekubaliana, Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya alasiri, msikiti wa hapa hapa. Mfungishaji ndoa nshamwambia. Nimemwambia mbele ya mashahidi kwamba walii ni Muhanna na atakuja, au atatuma uwakala. Sikumwambia labda. Ukituma karatasi, ntasema kwa jina lako na ntasema kwa sauti. Ukija mwenyewe ntakaa nyuma, wala sitofungua mdomo. Usipofanya lolote, Muadh atakaa pale kavaa kilemba chake, na mie ntakaa pale, na mkono wake utakuwa hauna wa kuushika. Mkono wangu mie bila ya idhini yako ni mkono tu.

Nilipokuwa naandika hapa juu Maram alikuwa anapiga pasi nguo za kazini. Nikamwambia namwandikia baba yako, nimwambie nini kutoka kwako? Nilidhani atasema mpe salamu, kama siku zote. Alinyoosha mkono wote wa nguo, akageuza, akanyoosha na upande wa pili.

"Mwambie simngoji rais. Namngoja yeye."

Nimeandika kama alivyosema.

Nisalimie Hala, mwambie chumba kiko tayari na madirisha yake yanafunguka, akija naye ndiyo bora. Wabusu watoto, wafundishe Kiswahili japo cha kuombea maji. Ghanima anakusalimu sana, keshapata khabari ya alichokisababisha, kalia, kisha kacheka, sasa Kiarabu hataki kukisema kabisa. Mama yake Maram kutoka Sur katuma salamu kwa njia ya heshima, kasema atahudhuria upande wa wanawake. Na Muntasir anakusalimu, yeye mwenyewe kaniambia nikuandikie hivyo.

Mungu akupe afya, akuondolee maumivu ya mgongo, alainishe moyo wako na akufungulie njia ya kiwanja cha ndege. Amin.

Ni mie kaka yako, nikupendaye hata siku ninayokukasirikia kama leo,

Mahrous